Samansi ya Mjomba Alois

Morogoro Mjini, 4 Machi 1973

Dada Theresia,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua tu kinanisumbua kwa mvua hizi. Watoto hawajambo?

Ile kesi ya shamba la marehemu mama nimeifungua. Sikupenda, lakini mjomba Alois amempa mwanawe, ambaye kwa desturi yetu ni wa ukoo wa mama yake, ardhi ya ukoo wetu, na nikimwandikia hajibu. Nataka tu akae mbele ya hakimu tuongee. Karani ananiuliza nani ampelekee samansi. Tarishi wa mahakama huja na mgambo, mzee ataaibika mbele za majirani. Tumtume nani?

Mdogo wako,
Gabrieli

Mgeta, 13 Machi 1973

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, baridi tu. Kunywa tangawizi, usijifanye kijana.

Balozi wa nyumba kumi hapana, hawasalimiani na mjomba. Mpe Paulo, mtani wetu aliyemzika mama. Mtani hakasirikiwi.

Dada yako,
Theresia

Mgeta, 2 Aprili 1973

Mdogo wangu,

Kifua kimepoa? Huku tunashukuru Mungu.

Samansi imefika, nilikuwepo. Paulo alisimama uani akapaza sauti, "Wewe mzee mwizi wa mashamba, serikali inakuita ukalime jela ya Kingolwira!" Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Akaweka dole gumba kwenye karatasi, akampa Paulo togwa, akasema, "Mwambie hakimu wako aje anibebe." Nimefurahi sana, hakuna aliyegombana.

Dada yako,
Theresia

Morogoro Mjini, 20 Mei 1973

Dada,

Shikamoo. Nimepona, ila moyo hautulii.

Mjomba hakutokea. Hakimu alitazama alama ya dole gumba, akasema wito ulimfika, kesi ikasikilizwa bila yeye. Tumeshinda. Mbona sijafurahi? Nilimngoja mlangoni mpaka mahakama ikafungwa. Mwambie sikutaka iwe hivi. Mwezi ujao nitapanda huko nimwone.

Mdogo wako,
Gabrieli

Mgeta, 3 Juni 1973

Gabrieli mdogo wangu,

Marahaba. Afya tunazo.

Usijisumbue kuja, mjomba hayupo. Mgambo walipomletea hukumu ndipo alipojua kuwa siku ile Paulo hakuwa anatania. Yeye na mwanawe wamehamia kijiji cha ujamaa, kule upande wa Dumila. Paulo hataki hata kusalimiwa. Mimi ndiye niliyemchagua, na inaniuma.

Nilimsindikiza mjomba mpaka barabarani nikimwomba radhi. Akaniambia, "Mlihangaika kutafuta mtu wa kumtuma. Gabrieli angekuja mwenyewe, ningempa shamba na chakula tungekula."

Shamba ni letu sasa. Bado sijalikanyaga.

Dada yako,
Theresia