Buti Zenu Mlangoni kwa Waziri

Baba watoto,

Huko adui alikokufunga, tamba! Umeoa mwanamke mwenye bahati: juzi waziri alinikaribisha ofisini, akanimiminia chai kwa mkono wake.

Kila asubuhi sisi wake wa mateka tunazing'arisha buti zenu na kuzipanga kwenye ngazi za wizara, mpaka mrudishwe. Jana bosi mmoja wa wizara alimfokea mlinzi wa mlangoni, "Zitupe hizo!"

Mlinzi, askari mwenzenu, akamjibu, "Za wenzangu sizigusi, mzee."

Nikadakia, "Basi ziruke, baba, usije ukajikwaa na kitambi hicho!" Bosi akaruka kama mbuzi.

Watoto wazima. Mdogo anauliza kama huko unatembea pekupeku.

Chai ya waziri nimekudanganya, mume wangu. Mlango hajatufungulia. Buti hatuziondoi.

Mkeo, Mama Maneno