Maswali ya Kaka Rashidi

Likoni, Jumatano, Juni 1989

Na mama bado ameshikilia kwamba kaka Rashidi amepona.

Leo mwalimu alimwandikia kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani, zioshwe kwa marashi anywe. Kabla hazijaoshwa, kaka akaitazama sahani akasema, "Mwalimu, umeiruka aya ya tatu." Kweli, ilikuwa imerukwa. Mama akalia kwa furaha. "Mwenye wazimu angeliona hilo? Vidonge vya hospitali basi tena."

Nimechoka kumweleza. Kurani yote kaka ameihifadhi, hesabu hakuna wa kumshinda, na bado anaamini tunamtilia sumu.

Baada ya magharibi nilimpelekea uji na kidonge chake kwa siri. Akauzuia mlango kwa mguu.

"Kama wewe ni Zuhura wa kweli, baba alizikwa siku gani?"

Nikasema Alhamisi.

"Ijumaa, baada ya swala," akanijibu kwa upole, akafunga mlango.

Ilikuwa Ijumaa, wallahi. Uchovu huu...

Sasa naandika hapa siku za mazishi na harusi zetu zote, nizisome kabla sijampelekea chai asubuhi.