Paa la Bosi

Oya mpekuzi, wewe mwenye raha ya kusoma barua za watu, karibu. Hizi ni zangu na dada yangu. Soma, kisha nina swali.

4 Mei

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua tu, na hayo yameshanizoea. Wewe je, na kazi ya hotelini? Mjusi wako hajambo, anakodoa macho na hafanyi kazi yoyote, jina la Bosi linamfaa. Ila asubuhi anakuwa wa baridi kama kijiko, na hakohoi nikajua anaumwa. Sasa sikia: namjengea paa la mbao kwenye tangi lake la kioo, taa ya joto ndani, kimlango cha bawaba mbele. Seremala jirani kaniuliza, "Fundi simu, useremala umejifunzia wapi?" Nikamwambia, "Kwa kukutazama wewe." Akasema basi nimejifunza makosa yake yote. Chumba kimya tangu uondoke, dada. Angalau msumeno unaongea.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mzima, miguu tu inauma kwa kusimama. Paa ni wazo zuri, lakini acha matundu ya hewa, na vanishi ikauke kabisa kabla hujawasha taa, usije ukamlewesha mwenzio kwa harufu. Halafu, nimepata chumba kikubwa. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua Bosi, na tangi na paa lake. Usinune. Huku nikitoka kazini naongea na birika, nalo likichemka linanikatiza.

Dada yako

25 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini miguu imepoa. Sijanuna. Paa limekwisha, nimelipiga msasa mpaka linateleza. Nguzo nimezishusha hadi chini, likalikumbatia tangi lote, gundi na skrubu kila kona. Bosi anaota joto kama mwenye nyumba. Shida moja: halipiti mlango wa chumba. Tumeligeuza ubavu, tumelisimamisha, tumesukuma na seremala mpaka fremu ikalia. Kakaa chini kucheka. "Fundi, hili si paa, umejenga ukuta." Kwa hiyo labda Bosi abaki kwanza. Wewe uje kumwona. Hata ulale, godoro lako lipo.

Mdogo wako

29 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka, halafu nikaacha. Likate katikati, nitaliunga huku. Nakuja Jumamosi jioni na kugeuza na gari la usiku huohuo, ruhusa sina. Bila paa hilo, baridi ya huku itammaliza. Nikuulize, usinifiche: wewe unayeona skrubu ya simu ndogo kuliko chawa, ulisahau kupima mlango, au hukutaka atoke?

Dada yako

Sijamjibu, mpekuzi. Leo ndiyo Jumamosi, na jua limeshaanza kuinama. Mlango sikuupima, hiyo kweli. Kwa nini sikuupima, nimejiuliza tangu asubuhi nikiwa nimekaa mbele ya kioo, na huyu ndani ananitazama kwa jicho moja, lingine kafumba. Nikikata, dada atapata mtu wa kumwambia kazi ilivyokwenda, na mimi nitabaki kufagia vumbi la mbao. Nisipokata, atapanda gari mikono mitupu na miguu yake ile.

Msumeno huu hapa. Ungekuwa wewe, ungekata?