Kofia ya Kang'ethe Inambana

Mpendwa Shangazi Zubeida,

Nisaidie mimi mama wa mtoto mmoja, maana nimechanganyikiwa. Kijana wangu Kang'ethe alizaliwa na maji kichwani, akawekewa mrija wa kuyateremsha hadi tumboni, na sasa yuko kwenye utafiti, madaktari wanataka kujua ni mrija gani hauzibi upesi, kwa hivyo sisi akina mama tulipewa tepu tupime kichwa nyumbani kila wiki kisha tumwambie Sista Magdalene wa kliniki, lakini mama mkwe alipokuja kunisaidia kulea akaiona hiyo tepu, akalia, akasema, "Wanja, fundi alipima mzee wangu na hiyo kitu akamtengenezea sanduku! Huyu ni mzee wangu amerudi, hapimwi tena!" Ni kweli mtoto ana jina la babu yake, na huyu cucu, nyanya yake, humwita "mume wangu" na hali chakula kabla mtoto hajashiba, nikaona nitamvunja moyo, nikaificha tepu, na kliniki nikawa nasema tu, "Ni kama wiki ile ingine, Sista," naye ananisifu. Mume wangu Gachau anafanya kazi Ruiru, anasema niheshimu mama yake. Sina raha, hata kufuma nafuma nikilia, sasa namfumia mtoto kofia ya tatu kwa kuwa ya pili nayo inambana. Je, niseme ukweli nitolewe kwenye utafiti, ama ninyamaze tukae kwa amani?

Wanja, Makongeni, Thika

Wanja mwanangu,

Jibu hili nimelituma kwako kwa mkono kabla ya kuchapwa gazetini. Umelia kurasa nzima juu ya tepu, na kofia umeitaja kama salamu ya njiani. Umeshampima, mama! Kofia mbili zimembana, na huenda mrija umeziba. Mpeleke hospitali leo, usingoje siku ya kliniki wala ruhusa ya Gachau.

Kwa kudanganya umekosea, sikufichi. Madaktari wakiamini kichwa hakikui watausifu mrija mbovu, na mtoto wa mwenzako kule Witeithie atawekewa huo huo. Mficha uchi hazai. Mwambie Sista yote, akufokee, umalize.

Mama mkwe usigombane naye. Amezika Kang'ethe mmoja, na huyu wa pili anamlinda kwa namna anayoijua; nami nimempenda bila kumwona. Kabla hamjatoka, mpe ile kofia ya pili amvishe mtoto yeye mwenyewe. Ikigoma kufika masikioni, ataelewa, na atatangulia mlangoni. Huko hospitali, tepu ikitolewa, mwombe ashike ncha moja. Mwambie mzee alipimwa akiwa amekwisha kwenda, na mume wake huyu anapimwa ili abaki.