Usiwashe Spika, Muhamishe Bibi

Ainembabazi,

Ukitoka shambani usiwashe spika. Nimekimbilia kijiji cha Ndama kuleta mirunda, zile nguzo za kushikilia ukuta.

Nilikwambia uchague spika za inchi tano, chumba chako ni kidogo. Ukanicheka: "Baba, besi unaijua wewe?" Ukachukua za inchi nane kwa sababu ulizipata kwa bei rahisi, ukazibana kwenye ukuta wa tofali mbichi. Leo asubuhi ulipozifungulia, ukuta ulitema vumbi upande wa pili, kitandani kwa bibi yako.

~~Muhamishe jioni.~~ Muhamishe sasa hivi, akakae jiko la nje. Mimi nilipojaribu kumtoa kanifukuza kwa fimbo, ila wewe hakukatalii kitu.

Nilipoanza kuandika, ufa wa ukutani uliingia ukucha. Sasa unaingia kidole.

Baba