Ziwa la Chaki

Kazi ya pili, ndiyo Jumanne, 3 Juni 1975
Nimeanika tena betri za redio ya shule, kwa mukeka mumoja na samaki wa mama. Zikipata jua zinaamuka kidogo. Ni kazi yangu, kwa sababu nyumba yetu iko karibu na shule. Naipenda. Hakuna kusema na mutu.

Ticha Kaoma anatufundisha maarifa ya jamii kwa redio. Sauti toka Lusaka ilisema: leo jirani zetu, mwanafunzi aliyetoka inchi ingine aeleze habari za kwao. Ticha akanionyesha na fimbo. "Simama, Zaire. Redio inakuita." Kifaransa cha kule Kilwa, kwetu Zaire, kikanijaa kinywani, Kiingereza kikakimbia. Nikalia kama mbuzi. Wakacheka. Mwape, tunayekaa naye deski moja, hakucheka.

Kazi ya ine, 5 Juni
"Iwe, redio inakujua! Bwela, rudi kwenu!" Wananifukuza mpaka kwa bomba la maji. Nirudi wapi? Papa alizama ziwani, ndipo mama akavuka na mimi kuja huku Zambia. Mwape peke yake alinikatia muhogo wake. Naandika wazi: bila Mwape ninaacha shule.

Siku ya Mungu, 8 Juni
Niliomba mvua. Bila jua betri hazitaamuka, redio itanyamaza. Mvua mwezi wa Juni, katikati ya kiangazi! Mujinga mimi.

Kazi ya pili, 10 Juni
Somo: mupaka. Redio ilisema darasa ligeuke ramani. Ticha akakata sakafu na mustari wa chaki, toka ubao mpaka mulango. Lile ndilo ziwa. Wote Zambia. Mimi ng'ambo, peke yangu na deski moja. Mupaka unataka askari, akamuchagua Mwape.

Niliambiwa nivuke.

"Karatasi ya kuvuka iko wapi?" Mwape akauliza. Akaziba pua. "Awe, hapana, huyu ananuka hata kabla ya kufika!"

Darasa likapasuka. Ticha alicheka mpaka akafuta machozi. Mwape hakuniangalia mimi, aliangalia wale wanaocheka. Alipenda.

Somo likaisha. Mustari ukabaki, na mimi ng'ambo yake.

Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, 14 Juni
Mwape si mubaya. Redio ndiyo mubaya, ndiyo ilimupa kazi ile. Nimetumbukiza betri ndani ya beseni ya mama, ile ya maji ya chumvi ya samaki. Zimelala humo kutwa. Nikazipangusa. Sina haya.

Kazi ya pili, 17 Juni
Redio ikakohoa. Ikanyamaza. Ticha akaipiga makofi kama mutoto mukaidi. "Imekufa. Fungueni kitabu." Akatoka kuvuta sigara.

Nikabeba daftari, nikarudi kwa deski letu.

Mwape akasimama. Hakuna mutu aliyemutuma. Alichukua chaki akarudilia mustari uliofifia, pole pole, mpaka mbele ya miguu yangu.

"Karatasi, Zaire?"

Kazi ya tatu, 18 Juni
Zamu yangu ya kufagia. Wote wamekwenda. Ufagio ungefuta mustari mara moja tu. Nilifagia upande wangu, nikaishia kwa chaki. Nikaegemeza ufagio ukutani. Nikabeba daftari zangu zote.

Nyumbani mama aliziona daftari. Alinisogezea samaki, nianike.