Darasa Chumbani kwa Bibi Harusi

Na hilo swali lako la jana, Salma mjukuu wangu, nnalicheka mpaka sasa. Hapa Sib sote wazima, mama yako anakusalimu.

La, sikuumia chumba changu cha harusi kilipogeuzwa darasa. Mwaka wa sabini tulikaa Maskati, katika jumba alilojijengea Mwingereza mmoja karne iliyotangulia. Chini lilikuwa ghala la tende, juu kwetu. Siku ya tatu ya fungate, nikielea kwa furaha, wakaja wasichana wa jirani niwafundishe kusoma.

Somo yangu, aliyekuwa akinitunza, akang'aka: "Bibi harusi hatoki chumbani mpaka siku saba!"

"Baba zetu wamekubali leo," akasema mmoja. "Kesho huenda wakakataa."

Babu yako, kipenzi changu, akajibu, "Basi ingieni nyinyi."

Wakajaa zuliani, nami kitandani na hina mbichi mikononi, nikawatamkisha herufi. Babu yako akachungulia: "Na mimi nikae wapi, mwalimu?"

Fungate ilipokwisha tuliwaachia chumba, tukahamia kijichumba cha darini. Kitanda hakikuenea, tukatandika chini, na asubuhi tuliamshwa na sauti zao zikisoma. Sijapata kuamka vizuri vile tena.

Nitakuja kwako kabla mwezi haujesha, inshallah.

Bibi yako